Jiko la mkaa nusura lituachanishe

Ugomvi mkubwa kuliko wote katika ndoa yetu ulikuwa wa jiko la mkaa. Februari 2021, hapa Houston, Texas, umeme umekatika, nje nyuzi 10 chini ya sifuri, na nyumba za huku zimejengwa kwa ajili ya joto. Mara namwona mume wangu analiburuta jiko la kuchomea nyama kutoka uani. "Mama watoto, kwetu Njombe si tunaota moto ndani kila Julai!"

Nilisimama mlangoni kama askari. Mkaa ukiwaka ndani hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Unalala, huamki. Na siku zile iliua watu kweli mjini humu.

Basi bwana, akaninunia. Nikamwacha anune. Tukahamia wote chumba kimoja, mablanketi madirishani, taulo chini ya mlango, soksi mbilimbili, mtoto katikati. Usiku wa pili nikasikia, "Bado umekasirika?" Miguu yake barafu tupu! Nikaiweka kwenye yangu.

King'ora cha gesi hiyo, cha betri, alikwenda kukinunua mwenyewe.