Waifai ya Umma Si Mali ya Mkuu wa Ofisi

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaendelea kuenezwa mikoani kwa fedha za umma. Inasikitisha kuona kwamba mawasiliano yaliyosafiri maelfu ya kilomita hukwama katika mita ishirini za mwisho, ndani ya jengo.

Sababu yake si fumbo. Kifaa cha kusambazia intaneti bila waya kikiletwa, hutundikwa chumbani kwa mkuu, pengine nyuma ya kabati la chuma la mafaili. Mkuu akisafiri, chumba hufungwa kwa ufunguo. Masjala, uhasibu na chumba cha walimu hawapati kitu. Mtumishi anayetakiwa kujaza kazi zake katika PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi ya OPRAS, hulazimika kusimama chini ya mwembe akitumia bando alilolinunua mwenyewe, kisha huitwa mzembe kwa kuchelewa. Huo ni uonevu, hata kama haukukusudiwa.

Mawimbi ya redio hayajui cheo. Ukuta wa matofali huyadhoofisha, zege lenye nondo huyadhoofisha zaidi, na chuma huyarudisha yalikotoka. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri kuliko yale ya gigahezi 5, lakini yana chaneli tatu tu zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Kwa hiyo kununua vifaa vingi na kuvitundika ovyo, vyote katika chaneli moja, si dawa. Vifaa vya chaneli moja husubiriana kama wajumbe wa kikao wanaosema mmoja mmoja. Wajumbe wakizidi, kikao hakiishi. Hata kile kifaa kidogo cha kurudufu mawimbi, ambacho wauzaji hukisifu mno, aghalabu hupokea na kutuma katika chaneli ile ile, na kasi hupungua karibu nusu.

Kosa huanzia kwenye manunuzi. Zabuni hutaja idadi ya vifaa tu, wala haitaji upimaji wa jengo wala waya. Afisa TEHAMA huitwa vifaa vikiwa vimekwisha kulipiwa, akaambiwa avifunge. Utaratibu huo hauna budi kugeuzwa. Mtaalamu apite kwanza chumba kwa chumba akipima, tena saa za kazi watu wakiwamo, maana miili ya watu nayo hunyonya mawimbi. Kifaa kiwekwe darini, pale penye watumiaji wengi, na kila kimoja kivutiwe waya wake. Waya huo hufika hadi mita 100 na waweza kubeba umeme pia, hivyo betri moja ya akiba kwenye swichi yatosha kuvihifadhi vifaa vyote umeme ukikatika. Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku hiyo hiyo, na wageni wapewe mtandao wao mbali na ule wa nyaraka za ofisi.

Palipo na kifaa kimoja tu, fedha za kuongeza zisingojewe. Mkuu wa ofisi aruhusu ngazi iletwe wiki hii, kiondolewe juu ya meza yake, kipelekwe masjala au chumba cha walimu.