Suffa ya Walimu Wetu Tuirejeshe

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), mwalimu wa walimu, na aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, kila ufikapo msimu wa mazoezi ya kufundisha, hapa Dunda huja vijana wanaosomea ualimu. Hupangiwa shule za mji wetu, na kwa kuwa fedha za kujikimu ni haba, hujikusanya watatu, wanne, hata watano, wakapanga chumba kimoja uani kwa mtu. Mchana tunawaona wamevaa vizuri wakielekea shuleni, na watoto wetu wakiwapa shikamoo. Usiku hatuwaoni. Ni huo usiku wao tunaotaka kuuzungumzia, kwani mwalimu huonekana darasani mchana, lakini hutengenezwa usiku, anapoandika andalio la somo, anapoandaa zana na anaposahihisha madaftari.

Katika chumba hicho mmoja anataka kulala, mwingine yuko kwenye simu, wa tatu amefungulia mawaidha kwa sauti kubwa, na wa nne anabishania mechi ya jana. Umeme wa LUKU umekwisha na kila mmoja anasema si zamu yake. Asubuhi kijana anaingia darasani na macho mekundu na andalio alilolinakili kwa mwenziwe. Tusilichukulie jambo hili kuwa dogo. Mwalimu akipoteza kipindi kimoja cha dakika 40 mbele ya watoto 60, amepoteza dakika 40 za kila mmoja wao, nazo zikijumlishwa ni saa 40 za amana za watu. Na watoto hao ni wetu.

Wengi husema kuwa ubaya ni wa nyumba: kijana atasoma vipi katika msongamano? Kwa heshima zote, hatukubaliani na kauli hiyo. Lau msongamano ungeliua elimu, basi elimu ya Uislamu isingelitufikia. Katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina palikuwa na Suffa, sehemu yenye kivuli walimoishi pamoja maswahaba mafukara wasio na nyumba wala jamaa pale mjini. Miongoni mwao alikuwa Abu Huraira (r.a.), aliyekuja kupokelewa hadithi nyingi kuliko swahaba mwingine yeyote. Kadhalika, Imam Muslim amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) habari za wale vijana 70 wa Kiansari walioitwa Qurraa. Usiku walikuwa wakisoma na kufundishana Qur'an. Mchana wakiteka maji na kuyaweka msikitini, na wakikata kuni na kuziuza ili wawanunulie chakula watu wa Suffa. Hao ndio waliotumwa kwenda kufundisha, wakauawa kwa khiana katika kisima cha Maunah mwaka wa 4 Hijria. Wale, ndugu zetu, walikuwa walimu.

Sisi wenyewe, tulipokuwa masomoni ughaibuni, tulilala sita katika chumba kimoja. Mwaka wa kwanza tulilaumu kelele, na tukafeli somo la nahau. Mwaka wa pili chumba kilikuwa kilekile na wenzetu walewale. Kilichobadilika ni kwamba usiku mmoja baada ya Isha tulikaa kikao, tukakubaliana nini kifanyike saa ngapi, tukaandika na kubandika karatasi ukutani. Nahau tulifaulu. Kwa hiyo tunawausia vijana wetu mambo manne, na yote yana asili katika mafundisho ya dini yetu.

Kwanza, usiku ugawanywe. Amepokea Bukhari kwamba Abu Huraira, mkewe na mtumishi wao waliugawa usiku mafungu matatu. Huyu akiswali kisha akimwamsha mwenziwe. Nyumba nzima ilikuwa na ratiba. Aidha, Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Kijana aandike andalio lake baada ya Isha, alale mapema, kisha autumie wakati wa baada ya Alfajiri, wakati ambao Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka. Hapa kwetu pwani kila mtu anajua kuwa akili hufanya kazi vizuri kabla jua halijawa kali. Wala asijidhulumu kwa kukesha kila siku, kwani Salman (r.a.) alimkumbusha Abu Dardaa (r.a.) kuwa nafsi nayo ina haki yake, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha.

Pili, sauti zichungwe. Katika Sunan Abi Dawud imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) akiwa katika itikafu aliwasikia watu wakisoma Qur'an kwa sauti. Akafungua pazia, akawakataza kuudhiana na kupandishiana sauti katika kisomo. Ikiwa kisomo cha Qur'an kimewekewa mpaka ili mwenzio asiudhike, vipi kuhusu simu ya mpira na vichekesho?

Tatu, chakula, maji na umeme viwe shirika. Mtume (s.a.w.) aliwasifu Ashaari kwamba chakula kilipopungua, walikusanya walichonacho katika nguo moja, wakagawana sawasawa. Kibubu kimoja na zamu iliyoandikwa vitamaliza ugomvi ambao, kwa uzoefu wetu, unakula muda mwingi kuliko kusoma kwenyewe.

Nne, elimu igawanywe kabla ya ugali. Umar (r.a.) na jirani yake wa Kiansari walikuwa wakipokezana zamu: siku moja huyu anakwenda kwa Mtume (s.a.w.), siku ya pili yule, na kila aendaye humletea mwenziwe habari za siku hiyo. Basi anayejua Hisabati amfafanulie wa Kiswahili, na wa Kiswahili amsikilize wa Hisabati akijaribu somo lake kabla ya kusimama mbele ya watoto. Huko ndiko kusaidiana. Kunakili andalio la mwenzio si kusaidiana, bali ni udanganyifu.

Hayo ni yao vijana. Sasa tujigeukie sisi, maamuma wa misikiti. Suffa haikuwa uani kwa mtu; ilikuwa msikitini. Sisi leo misikiti yetu ina taa, feni, mikeka na utulivu, na baada ya Isha tunatia kufuli. Wakati huohuo, hatua chache kutoka mlangoni, mwalimu wa mtoto wako anaandika andalio kwa mwanga wa simu. Tutaambiwa: kuna wezi, na bili ya umeme ni kubwa. Hoja hizo ni za kweli, lakini zina majibu. Vijana wanne wenye kuaminika wakipewa funguo kwa dhamana na saa maalumu, kuanzia Isha hadi saa 4 usiku, wao wenyewe ndio watakuwa walinzi. Na sadaka ya umeme kwa ajili ya elimu ni sadaka bora. Wako watakaosema kuwa Hisabati si kazi ya msikitini. Tunawajibu kuwa amali ni kwa nia, na anayejiandaa ili asiwadhulumu watoto wa watu yumo katika kheri.

Tusiwasahau dada zetu, ambao kwao kutafuta chumba cha kupanga ni mtihani mzito zaidi. Familia yenye nafasi imchukue mmoja au wawili waishi na mabinti zake kwa stara, na sehemu ya wanawake msikitini ifunguliwe kwao pia.

Mji huu haukuwa mgeni wa jambo hili. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, aliletwa Bagamoyo kutoka Kongo akiwa mtumwa. Akapata wa kumsomesha, naye akawa mwalimu mkubwa wa pwani hii. Pamoja na tofauti zetu na watu wa twarika katika baadhi ya mambo, haki isemwe: kama mji ungelimfungia mlango, ungelijinyima mwenyewe.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za misikiti ya Dunda na vitongoji vyake, kabla msimu ujao wa mazoezi haujaingia, zikae na kuamua juu ya jambo moja tu: nani atashika funguo baada ya Isha.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape vijana wetu baraka katika wakati wao, atupe sisi mikono iliyo wazi, na ajaalie watoto wetu wapate walimu waliojiandaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.