Fundi, tazama kabo kabla ya kukata vitesi

Kuna desturi inayoenea kando ya barabara hapa Rugenge, na leo naisema wazi. Mtu analeta kinga ya kozi, analalamika kwamba vitesi havibadiliki au sheni inaruka. Fundi anatoa derayeri, anafupisha sheni, anaifunga kwenye pinio moja. "Sasa iko nguvu," anasema. Mwenye kinga analipa, anaenda. Kwa maoni yangu, mara nyingi amelipa franga zake ili mali yake iharibiwe.

Jambo hili si dogo. Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi wa pili 2025, familia nyingi zilishuka mpaka Uvira, na nyingine zikavuka Burundi. Kuna waliofika na watoto, godoro na kinga, basi. Kwa baba anayepeleka mikate kutoka Kalundu mpaka Kavimvira, kinga ndiyo shamba lake. Pinio ndogo inampa mwendo kwenye tambarare, pinio kubwa inamsaidia kuondoka na mzigo, kupita kwenye mchanga na kupambana na upepo wa ziwa. Ukimwachia pinio moja, utamchosha magoti au utampunguzia safari za siku.

Na ugonjwa wenyewe, mara nyingi, ni mdogo. Derayeri ni kile chuma chenye vigurudumu viwili kinachoning'inia nyuma na kuhamisha sheni. Kwenye kinga nyingi, kabo inaivuta kuelekea pinio kubwa, na springi inairudisha kuelekea pinio ndogo. Ukielewa hilo tu, umeshajua pa kuanzia.

Ikiwa sheni inakataa kupanda kwenye pinio kubwa, kabo imelegea. Pale kabo inapoingia kwenye derayeri pana kipande cha kuzungusha kwa vidole. Simama nyuma ya kinga, kizungushe kinyume cha saa, robo mzunguko kwa mara moja, kisha jaribu tena. Ikiwa inapanda vizuri lakini inachelewa kushuka, kabo imekazwa kupita kiasi, au imekwama ndani ya gaine, ule mfuko wake. Hapa kwetu gaine inakula vumbi kiangazi chote, halafu mvua inaleta matope, na maji ya ziwa yaliyopanda 2024 yaliingia mpaka barabarani. Kutu ikishika ndani, hakuna turnevisi itakayosaidia. Badilisha kabo na gaine. Bei yake ni ndogo kuliko ya derayeri.

Lakini angalia gaine unayowekewa. Ya freni ina waya uliozungushwa kama springi, ya vitesi ina nyuzi za chuma zilizonyooka. Ukiweka ya freni kwenye vitesi, inajibana kidogo kila unapovuta, na kitesi hakikai pahali pake. Hilo linasumbua zaidi kinga ambazo maneti yake yanapiga "ka" kwa kila kitesi, mtindo ambao Shimano ilileta 1984 na ukaenea. Kinga za zamani zaidi hazina huo mlio. Mwenye kunyonga anarekebisha maneti polepole mpaka sheni inyamaze. Hiyo si mbovu, ndivyo ilivyotengenezwa.

Kitu cha pili ni pati, kipande kinachoshika derayeri kwenye fremu. Kinga iliyolazwa upande wa kuume chini ya magunia ndani ya lori, kama nyingi zilivyosafirishwa wakati wa kukimbia, inaweza kufika na pati iliyopinda. Tazama kutoka nyuma: vile vigurudumu viwili viwe vimesimama sawa na pinio. Vikiinama kuelekea spoku, usipande kabisa, maana derayeri inaweza kuingia kwenye gurudumu na kukuangusha. Pati ya chuma inanyooshwa. Ya alumini inyooshwe taratibu na mara moja tu, ikirudiwa inapasuka.

Tatu ni sheni. Pima viungo 24 vidogo, pini kwa pini. Sheni mpya ina karibu sentimita 30 na nusu. Ikizidi hapo kwa milimita mbili, imekwisha, na itakula pinio zako pia. Zile visi mbili ndogo za derayeri ziache mpaka mwisho: kazi yake ni kuzuia sheni isianguke nje ya pinio za mwisho. Kuzizungusha ovyo kunaficha ugonjwa, hakuuponyi.

Mafundi watanijibu kwamba vipuri ni haba, na kwamba zile kinga nyeusi nzito zinabeba makaa miaka na miaka bila vitesi. Ni kweli, na kwa mzigo wa namna ile mimi mwenyewe ningechagua ile nyeusi. Lakini ile ina nafasi ya kuvuta gurudumu nyuma ili kukaza sheni. Kinga nyingi za kozi za siku hizi hazina nafasi hiyo, gurudumu linaingia kwa kushuka moja kwa moja. Ukitoa derayeri, hakuna tena kinachokaza sheni. Italegea, itaanguka, na mteja atarudi tena na franga nyingine. Je, hiyo ndiyo nguvu?

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mafundi, tunawaheshimu, nyinyi mnaendesha mji huu: mwonyesheni mteja ugonjwa kabla ya kutoa kipande, na kipande kilichotolewa mrudishieni. Derayeri nzima ina thamani, haipaswi kubaki kwenye sanduku lenu. Wateja, ulizeni "kabo umeitazama?" kabla ya kukubali bei. Na wazazi wenye vijana waliokatishwa masomo na vita, wapelekeni wakakae karibu na fundi mzuri. Kusafisha kabo na kupima sheni ni kazi ambayo kijana anaweza kuanza kujifunza kwa siku chache, akipata mtu wa kumwonyesha.

Fundi ambaye haoni kama mimi, alete maoni yake. Tutayasoma hewani, na tutaweka kinga katikati tuitazame pamoja.