Bukavu: Nyumba ya zamani, kwanza cheti kisha pesa

Katika komini ya Ibanda, mjini Bukavu, nyumba za wakati wa Wabelgiji, zilizojengwa kwa ngazi kufuata mteremko, zingali zinavutia wanunuzi. Wengi hutazama mabati na rangi, kisha hutia sahihi mbele ya shefu wa kata. Hiyo haitoshi. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Serikali; haki ya mnunuzi husimama tu cheti cha uandikishaji kikitolewa kwa jina lake. Bila hicho, mrithi ambaye hakusaini anaweza kumpeleka tribinali. Akague pia ukuta unaozuia udongo, maana milima yetu huporomoka. Tunasema: kwanza ofisi ya ardhi, kisha pesa.