PROGRAMU YA BURE, AMANA YENYE GHARAMA



Tangu shule na vyuo vilipofungwa nchini mwezi Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya Korona, haja ya taasisi zetu kuwa na mahala pa kusomeshea kwa njia ya kompyuta imezungumzwa sana. Vijana waliosomea fani hiyo, hapa Pasiansi na kwingineko, rai yao ni moja: iwekwe Moodle kwenye seva, kwa kuwa ni programu ya bure. Rai hiyo ni njema. Lakini neno "bure" linahitaji ufafanuzi, kwani hapo ndipo taasisi nyingi hujikwaa.

Moodle ilitengenezwa na Martin Dougiamas wa Australia, na toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwezi Agosti 2002. Mtu huyu utotoni aliishi jangwani, mbali na shule, akisomeshwa kwa redio. Leseni ya programu hiyo inampa kila mtu haki ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa, kwa sharti kwamba anayeigawa asimnyime mwenzake haki hiyo hiyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa walionufaika nayo.

Kwa hiyo kitu hiki hakifanani na kilichookotwa njiani. Kinakaribiana zaidi na wakfu: manufaa ni ya wote, wala hapana anayeruhusiwa kuwafungia wengine mlango. Nasi tunajua yanayoufika wakfu usiokuwa na msimamizi. Kisima hufukiwa na nyumba huanguka, ilhali aliyetoa alitoa kwa nia njema.

Kuiweka Moodle si kazi kubwa. Yatakiwa seva yenye PHP na hifadhidata kama MariaDB au PostgreSQL. Folda ya mafaili ya wanafunzi ikae nje ya sehemu inayofikiwa na umma. Na seva ipangiwe kazi ya kujirudia kila dakika, ili barua pepe ziende na shughuli za ndani zitekelezwe. Anayeijua kazi huimaliza kwa mchana mmoja. Mzigo uko katika siku zinazofuata. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na seva vilevile. Toleo la 4.5, lililotoka Oktoba 2024, limeahidiwa marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2027 tu. Atakayeliacha hapo baada ya muda huo atakuwa amelala mlango wazi. Na kijana aliyeiweka akipata kazi Dar es Salaam, akaondoka na neno la siri kichwani, masomo na alama za watoto vitabaki mikononi mwa nani?

Wapo wasemao kwamba kundi la WhatsApp linatosha. Kundi hupeleka ujumbe, lakini halipangi somo hatua kwa hatua wala halisahihishi zoezi. Mwanafunzi ajiungaye mwezi wa tatu hana pa kuanzia. Zaidi ya hayo, namba za simu za mabinti zetu huonekana na kila aliyemo.

Rai yetu ni kuanza na kidogo. Ipo MoodleBox, inayoiweka Moodle ndani ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kutoa mawimbi yake yenyewe ya WiFi, bila kuhitaji bando. Kijana ashindaye Mwaloni Kirumba akiuza dagaa, naye anajiandaa kwa Mtihani wa Maarifa (QT), anaweza kufika jioni, akafungua somo kwa simu yake na kufanya zoezi bila kulipa senti. Hilo likisimama mwaka mzima, ndipo tufikirie seva ya kulipia.

Lakini kabla ya kununua chochote, kamati zitimize mambo manne. Kwanza, jina la tovuti na seva viandikishwe kwa jina la taasisi, na funguo washike watu wasiopungua wawili. Pili, gharama ya mwaka iingizwe kwenye bajeti, isingojee mchango wa dharura. Tatu, nakala ya akiba itolewe kila wiki, iwekwe jengo jingine, na ijaribiwe kurejeshwa. Nakala isiyojaribiwa ni dhana tu. Nne, walimu waandaliwe na walipwe kuandika masomo, kwani seva bila masomo ni kabati tupu.

Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamwajibisha anayekusanya taarifa za watu. Majina na alama za watoto ni amana kabla hazijawa suala la kisheria.

Basi kamati ikutanapo, swali la kwanza lisiwe "nani ataiweka?" Liwe "nani ataitunza?" Likikosa jibu, ni bora kungoja.

Wabillahi tawfiiq.