Tuulize Kabla ya Kuuza Ng'ombe



Katika parokia zetu tunajua kuchanga. Msiba ukitokea, daftari hupita nyumba kwa nyumba, na kabla jua halijazama jeneza, unga na maharage vimekwisha patikana. Harusi nayo ina kamati yake na kadi zake. Lakini mgonjwa wa saratani, au kansa kama wengi tunavyoiita, huanza safari ya matibabu akiwa na familia yake tu. Daftari letu humfikia akiwa marehemu. Sisi wa ukurasa huu tunaona kwamba hapo tumepindua mambo, na mwezi huu tunapenda kulisema waziwazi.

Tufikirie familia ya aina tunayoijua sote. Mama ametokwa damu kwa miezi kadhaa, naye alikwisha koma hedhi. Hospitali ya wilaya wanachukua kinyama, na majibu yanaonyesha saratani ya shingo ya kizazi. Usiku ule ule kikao cha ukoo kinakaa na kuamua ng'ombe auzwe. Baada ya ng'ombe inafuata robo eka ya shamba. Fedha nyingine zinaishia kwa mganga aliyeahidi kuikausha kansa kwa mizizi. Wanapofika kwenye hospitali yenye mionzi, mifuko imebaki mitupu. Ndipo muuguzi anapouliza, "Mmeshapita ustawi wa jamii?" Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ofisi hiyo ipo. Wanapoifikia, wanaombwa barua ya kijiji, na barua hawana. Kijana mmoja anarudi nyumbani kuifuata, kwa nauli ya kukopa.

Kosa la familia hii si umaskini. Waliuza kwanza, wakauliza baadaye.

Mahali pa kuuliza

Uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za Serikali mwaka 1993, uliwekwa pia utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye anayesikiliza maombi hayo. Kwa hiyo, kabla ya kupanda basi, mgonjwa achukue barua ya serikali ya kijiji au mtaa inayoeleza hali yake, barua ya rufaa, kitambulisho, na majibu yote ya vipimo pamoja na ya kinyama. Aende ustawi wa jamii siku ya kwanza, asingoje mpaka ashindwe kulipa. Mwenye uwezo alipe, maana msamaha anaouchukua bila haki umetolewa kwenye fungu la maskini. Lakini asiye na uwezo asione haya. Kuuliza kilichowekwa kwa ajili yako si kuombaomba.

Pili, bima. Katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, mwanachama aliyeajiriwa amekuwa akiweza kuandikisha mwenzi wake na wategemezi hadi wanne, na wazazi wamo. Kuna mama anayeuza shamba wakati binti yake ni mwalimu mwenye kadi, na hakuna aliyekumbuka kuuliza kama jina la mama linaweza kuingizwa. Tena, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kila kaya imwulize mtendaji wake utaratibu ukoje pale ilipo. Na tuulize tukiwa wazima, maana paa halijengwi mvua ikinyesha.

Tatu, mshahara. Wako walioacha kazi wenyewe baada ya kusikia neno kansa, wakidhani hawana haki tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Cheti cha daktari aliyesajiliwa kinahitajika. Mtu asiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kuonana na chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi. Na mwanachama wa NSSF au PSSSF ambaye daktari amethibitisha kuwa hawezi tena kufanya kazi, aulize juu ya mafao ya ulemavu.

Mzigo usiosamehewa

Hata hivyo, tuseme ukweli. Msamaha hauleti nauli, na kadi ya bima hailipi kitanda cha gesti. Tiba ya mionzi hutolewa mahali pachache. Kwa mfano, Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam, na Bugando iko Mwanza. Mara nyingi mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo, na si kila mgonjwa hulazwa wodini muda wote huo. Anahitaji pa kulala, chakula, na mtu wa kumshika mkono. Huko nyumbani palizi inamngoja na watoto wanataka uji.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mgonjwa anapata nusu ya mionzi, fedha za malazi zinakwisha, anarudi nyumbani akisema atamalizia baada ya mavuno. Tiba iliyokatizwa hivyo hupunguza sana nafasi ya kupona, na ugonjwa haungoji mavuno.

Kazi ya jumuiya

Mzigo huu unafaa kubebwa na jumuiya ndogo ndogo. Msamaria Mwema hakuishia kufunga vidonda. Alimlipia yule majeruhi nyumba ya wageni. Nasi tunaweza kuwa na mfuko mdogo wa wagonjwa, wenye mweka hazina anayejua kutunza siri, usiongoje maziko. Mtu mmoja anayesoma vizuri amsindikize mgonjwa ustawi wa jamii. Wengine wapalilie shamba lake kwa zamu. Na parokia za mijini ziulizane: ni familia ipi inaweza kumpokea mgeni mmoja kwa wiki tano?

Wapo watakaosema, "Wagonjwa ni wengi, tutaweza wapi?" Hatuwapuuzi. Lakini hatusemi jumuiya ilipe gharama zote za hospitali. Tunasema haki zote ziulizwe kwanza, ili mchango wetu mdogo uende kwenye nauli na malazi, ambako hata kidogo kinaonekana. Mbona msiba haujawahi kutushinda? Tena mgonjwa mwenyewe aulizwe kama anaridhia habari zake zijulikane. Kumsaidia mtu si kumtangaza.

Tunaomba jambo moja kwa mwezi huu. Jumuiya yako itakapokutana, kabla ya kufunga kikao, mwenyekiti aulize: "Kati yetu yuko nani anayetibiwa, au aliyeacha tiba kwa kukosa nauli?" Akipatikana hata mmoja, daftari lifunguliwe jioni hiyo hiyo, na jina lake liandikwe angali hai.