Majani ya Dawa Yasianikwe Juani

Sisi watu wa Nassa tunajua kuanika. Tunaanika dagaa wa ziwani. Tunaanika viazi, tunapata michembe. Tunaanika majani ya kunde, tunapata nsansa. Jua letu ni kali, na chakula hukauka upesi.

Kwa hiyo tumezoea kuanika kila kitu juani, hata majani ya dawa. Mimi nasema hapo tunakosea. Jani la dawa si dagaa. Tunataka maji yatoke, lakini dawa ibaki.

Hebu fikicha jani la mchaichai. Utasikia harufu. Harufu hiyo ni mafuta yaliyomo ndani ya jani, nayo ndiyo yenye faida. Jua kali huyafukuza. Tazama pia jani la mlonge. Likikaa juani hupoteza rangi yake ya kijani, na vitamini A hupungua. Mwisho unakunywa maji ya majani makavu tu.

Huko China, Bibi Tu Youyou alitafuta dawa ya malaria katika mmea wa jamii ya pakanga. Aligundua kuwa joto kali linaharibu dawa hiyo. Mwaka 1971 alitumia joto dogo, akafaulu. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto tunayopewa zahanati ilitokana na kazi hiyo.

Basi tufanyeje? Chuma majani asubuhi, umande ukishakauka. Tupa yaliyooza na yenye wadudu. Yaoshe upesi, uyakung'ute maji. Yatandaze kidogo kidogo juu ya chekecheke au kichanja, kivulini, mahali penye upepo. Yasiwe karibu na moshi wa jiko, wala chini wanapopita kuku. Yageuze kila siku. Baada ya siku 3 hadi 7 yatakauka. Jani lililokauka huvunjika mkononi kwa mlio.

Wengine watasema, "Kivulini ni polepole. Wakati wa mvua yataota ukungu." Ni kweli. Ndiyo maana tukaushe wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua tuchume machache, tuyatumie mabichi. Yakiota ukungu, tuyatupe bila huruma. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Sumu hiyo hutokana na ukungu. Tusiuchezee ukungu.

Yakikauka, yaweke ndani ya kopo lenye mfuniko, mahali pakavu pasipo na mwanga. Kisha fanya jambo ambalo zamani hukuweza kulifanya. Chukua kalamu, uandike jina la mmea na tarehe, ubandike juu ya kopo.

Usidharau jambo hili. Mlonge ukitwangwa ni unga wa kijani. Mwarobaini ukitwangwa ni unga wa kijani pia. Majani ya mlonge ni mboga. Lakini mwarobaini haumfai mama mjamzito wala mtoto mchanga. Siku usipokuwepo nyumbani, nani atajua kopo lipi ni lipi? Karatasi itasema kwa niaba yako.

Tena tukumbuke: majani hayachukui nafasi ya zahanati. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, kivuli hakiuzwi. Kila boma lina kivuli, na wewe sasa unajua kuandika. Tuliache jua likaushe dagaa. Majani ya dawa tuyape kivuli na jina lake.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini jani la dawa lisianikwe kama dagaa?
2. Utajuaje kwamba jani limekauka?
3. Andika karatasi ya kubandika juu ya kopo la mlonge.